Mkate wa Nyanya Yake Madam

Jumamosi saa nne asubuhi, Kageha alikuwa anakanda unga wa ngano katika kibanda chake cha mabati pale Mowlem, hatua chache kutoka steji. Kilo sita, kama kawaida. Alitia maji ya uvuguvugu, chumvi, sukari kidogo na mafuta, akakanda mpaka unga ukaacha mikono. Kisha akakata madonge, akasukuma kila donge, akalipaka mafuta, akalichana kwa kisu kutoka katikati hadi ukingoni, akalikunja likasimama kama kofia, akalibonyeza chini. Yote aliyafunika kwa kitambaa chenye maji ili yalale, naye akanywa chai. Mtu akimharakisha, alimwambia chapati isiyolala ni kigae, akatafune vigae kwao.

Hakuna mtu Mowlem aliyewahi kuuliza chapati hizo zilitoka nchi gani. Zilitoka kwa Kageha. Ulizila na madondo, yaani maharagwe, pale kwenye benchi, au ukafungiwa ukaenda nazo, na mambo yakaishia hapo.

Wa kwanza kulalamika alikuwa Sirad, mwanamke wa Eastleigh aliyekuwa na duka la vitambaa na biashara ya kutuma vifurushi ng'ambo. Kila Jumamosi alikuja Mowlem kwa fundi wake wa nguo, na akirudi alipitia kwa Kageha kununua chapati kumi na mbili.

"Mama Muhonja," alisema, maana ndivyo kila mtu alivyomwita Kageha, kwa jina la mtoto wake, "wiki jana ulinipa anjera."

"Nilikupa chapati."

"Nilifungua mezani nikakuta anjera. Kumi na mbili, moto, zina matundu yake vizuri."

"Zilikuwa mbaya?"

"Mbaya wapi! Mama yangu alikula nne akaniuliza nimezipata kwa Msomali gani. Lakini mimi, wallahi, nilitaka chapati."

Kageha aliomba radhi. Alimhesabia nyingine kumi na mbili, akazifunga kwenye gazeti na mfuko, akapiga fundo kwa mkono wake mwenyewe. Eastleigh zikafunguliwa, zikawa anjera. Sirad hakutaka ugomvi. Tangu siku hiyo, akitamani chapati alikaa kwenye benchi akala papo hapo, na akitaka anjera alifungiwa, kwa bei ileile.

Halafu Maingi. Huyu alikuwa jirani, muuza makaa, mtu wa mdomo mrefu, na binti yake Nthenya alifua nguo kwa familia moja ya Wahindi kule Parklands. Nthenya alibeba chapati sita za chakula cha mchana. Alipozifungua jikoni kwa watu, zilikuwa nyembamba, kavu, zimefura katikati kama shavu la mtu anayepuliza moto. Ajuza wa nyumba ile alichukua moja, akaila bila kitu, akauliza mpishi ni wa kijiji gani, kwa sababu mkate ule ulikuwa wa kijiji cha mama yake kabisa. Nthenya alimwambia mpishi ni Mmaragoli. Ajuza akasema hakijui kijiji hicho, lakini lazima kiko karibu.

"Unaona?" Maingi alisema. "Chapati ni ya Wahindi. Imefika kwao ikavua nguo za safari."

"Na ya Sirad?"

"Hiyo ilipotea njia."

"Ipotee njia ina miguu? Baba Nthenya, wacha maneno. Kwetu Vihiga tulikula chapati kila Krismasi, na wakati huo sikuwa nimeona Mhindi hata kwa picha."

"Sasa ni ya nani?"

"Ni yangu. Si mimi nimepika?"

Lakini alipobaki peke yake Kageha alichukua chapati moja, akaigeuza, akaitazama. Ilikuwa na madoa ya kahawia na tabaka zake, ikanukia mafuta. Jumapili iliyofuata alibeba nne hadi kwa dada yake Shauri Moyo, akazifungua mwenyewe mezani. Zilikuwa chapati. Chumvi tu ndiyo ilikuwa imezidi kidogo, na dada yake ni mtu wa chumvi. Watu pale kibandani walitafuta kanuni ya jambo hilo kwa wiki mbili, huyu akisema hivi na yule vile, mpaka wakachoka. Walirudi kuzungumza habari za maji yaliyopotea mferejini tangu Jumatano.

Basi, huyo Muhonja ambaye Kageha aliitwa kwa jina lake hakuwa Mowlem. Alikuwa amekwenda kufanya kazi za nyumba ng'ambo, upande wa Waarabu. Mtaani kila nchi ya huko inaitwa Saudia. Muhonja hakuwa Saudia, lakini Kageha alichoka kueleza, akawa naye anasema Saudia. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, wa kuisha Agosti. Pasipoti alikuwa nayo mwajiri wake, ambaye Muhonja alimwita Madam, ndani ya sanduku la chuma lenye ufunguo. Madam aliichukua siku ya kwanza, akasema anaiweka isipotee.

Mwezi wa sita Muhonja alituma sauti kwa simu. "Mathe, nimechoka na wali. Nimechoka, haki. Nataka chapo yako. Moja tu, na chai." Kageha aliisikiliza mara tano. Muhonja alikuwa mtoto wa kucheka hata akisimulia matanga, na mle ndani hamkuwa na kicheko hata kimoja.

Kwao Vihiga kuna utaratibu. Mtoto wako akiwa amekaa kwa watu na wakati wa kumchukua umekaribia, huendi kumdai kama unadai sufuria. Unatanguliza kitu. Kuku, ndizi, unga wa wimbi, chochote cha mkono wako, kwa sababu mwenye nyumba amekula sahani moja na mtoto wako. Akishapokea, roho inalegea, ndipo mtoto anaaga. Mkono mtupu haulambwi, na Kageha hakulelewa kuwa mkono mtupu. Kuku hapandi ndege. Alipika chapati kumi na mbili, akafunga sita za Muhonja kwenye gazeti, na sita za Madam kwenye kitambaa kipya alichonunua kwa Sirad.

"Unajua zitabadilika," Maingi alimwambia.

"Zibadilike. Shukrani ni shukrani."

Sirad alizitia kwenye kifurushi cha Alhamisi. Ijumaa jioni, saa ambayo Muhonja aliruhusiwa simu, alipiga.

"Zimefika?" Kageha aliuliza.

"Kimefika kitu, Mathe. Mkate."

"Mkate wa aina gani?"

"Mwembamba. Una harufu ya iliki, na ndani kama una tende. Zote kumi na mbili."

"Ulikula?"

"Nilikula. Ulikuwa mtamu. Lakini nilikuwa nimejipanga kula chapo, nimeweka na chai kando. Sasa sijui nilikula nini. Nililia kidogo, halafu nikaona nalilia mkate mtamu, nikanyamaza."

Kisha akaeleza habari za Madam. Madam alikuja jikoni akifuata harufu, miguu mitupu, na huyo ni mwanamke ambaye hakuwa ameingia jikoni tangu mwaka uanze. Alikula mmoja wima. Alikula wa pili, akakaa sakafuni na nguo yake ya thamani. Alisema mkate ule alikuwa akiupika nyanya yake, na nyanya alipokufa Madam akiwa na miaka tisa, mkate ulikwenda naye. Mama yake alijaribu akashindwa. Yeye mwenyewe alikuwa ameutafuta hadi kwenye mahoteli makubwa, yale yanayoandika kwenye menyu kwamba chakula ni cha asili, akaonja, akatema kwenye kitambaa cha mkono.

"Akaniuliza mama yako alifundishwa na nani," Muhonja alisema. "Nikamwambia na nyanya yangu. Akasema nyanya yako na nyanya yangu lazima walijuana. Nikamwambia nyanya yangu hakuwahi kuvuka Kisumu."

"Akasemaje?"

"Akasema mtu aliyetoka kwenye mkono kama huo si wa kuachiliwa."

Kageha alifurahi. Aliwaambia wateja wote, hata wasiouliza, kwamba mtoto wake amesifiwa. Ilikuwa sifa, au ilisikika kama sifa, na mama gani hukagua sifa ya mtoto wake kama anakagua nyanya za kununua sokoni Gikomba?

Madam akaomba zaidi. Kila Alhamisi Kageha alifunga chapati ishirini, naye Madam akamlipa Sirad gharama ya kusafirisha. Baadaye akamwambia Muhonja ajaribu mwenyewe. Muhonja alifanya alivyofundishwa tangu akiwa wa kusimama juu ya debe ili afikie meza: maji ya uvuguvugu, kulaza, kuchana, kukunja. Alisema unga ulikuwa chapati mpaka ulipogusa kikaango. Hapo ukingo uliinuka, unga ukasinyaa, iliki ikanukia ilhali hakuwa ametia iliki. Madam alisimama nyuma yake akipiga makofi.

Wakaja dada za Madam, kisha binamu, kisha wake wa wakubwa. Mwezi wa saba kulikuwa na maonyesho ya vyakula vya mababu, na Madam alipeleka mkate wa nyanya yake. Ulishinda. Alipewa kibao cha shaba, na gazeti la huko likaandika kuhusu mkate uliokuwa umepotea na ukaokolewa na mjukuu. Muhonja alituma picha ya gazeti. Madam alikuwa katikati, kibao kifuani. Upande wa kushoto palikuwa na sinia la mikate, na mkono ulioshika sinia, mweusi, hadi kifundo tu. Kageha aliutambua mkono. Aliwaonyesha watu pale kwenye benchi, nao wakasema kweli, huo ni wa Muhonja.

Agosti ikafika. Muhonja alikuwa ameshafunga begi na kulifungua na kulifunga tena. Siku mkataba ulipoisha, Madam alimbusu kwenye paji la uso, akamwambia, "Wewe sasa ni mtoto wa nyumba hii. Mtoto haondoki kwao." Ufunguo wa sanduku la chuma aliuvaa shingoni kwenye mkufu, na akamnunulia Muhonja godoro jipya.

Kageha alipoambiwa hakuelewa. Alimwambia Muhonja arudie. Muhonja akarudia. "Godoro la nini?" Kageha aliuliza. "Si unakuja?"

Jumatatu alifunga kibanda, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya sensa, akaenda mjini kwenye ofisi ya ajenti aliyempeleka Muhonja. Ilikuwa ghorofa ya nne, vyumba viwili, na kwenye kiti cha mbele alikaa karani kijana aitwaye Owen, mwenye tai na heshima. Kageha alikuwa amembebea chapati nne, maana huendi kwa mtu na shida bila kitu. Owen alishukuru, akafungua gazeti. Zilikuwa slesi nane za mkate mweupe, zimepakwa siagi, kingo zimekatwa. Akaanza kula akitazama kompyuta.

"Mama, hapa naona mfanyakazi yuko sawa," alisema.

"Mkataba umeisha."

"Umeisha, lakini unajirefusha wenyewe kama mfanyakazi ameridhika."

"Nani alimuuliza?"

Owen aligeuza kompyuta. Ilikuwa picha nyingine ya yale maonyesho. Humo Muhonja alionekana mzima, sinia mkononi, meno nje. "Angalia. Anatabasamu."

"Anatabasamu kwa sababu anapigwa picha! Wewe ukipigwa picha hununa?"

"Mama, mimi naenda na faili. Faili inasema anapika mkate wa kitaifa wa nchi ya watu. Hiyo ni heshima kubwa. Wasichana wengine wanafua tu." Alipangusa siagi kwenye kidole. "Huu mkate ni mzuri sana. Umeununua supamaketi gani?"

Kageha alisema ni wa kibanda. Alitoka, akateremka ghorofa nne, akasimama kwenye jua akijaribu kukumbuka alikuwa amekwenda kushtaki nini. Alikuwa ameshika neno moja, pasipoti, na hata hilo alikuwa hajalisema.

Alirudi kesho yake akalisema. Owen akaandika kwenye daftari kwamba amelisema. Hizo ndizo safari zake mbili, na ya tatu alikuta mlango umefungwa kwa sababu ya semina.

Ndipo alipopata wazo, nalo lilikuwa wazo la mtu aliyekosa usingizi. Mkate ndio uliomshika mtoto. Basi mkate uharibike. Alhamisi hiyo alipika chapati bila chumvi. Hakuulaza unga. Hakuchana wala kukunja. Alisukuma madonge makavu yakatoka na pembe kama ramani ya kaunti, akayatupa kwenye kikaango, akayaacha mpaka moshi ukaingia kwa jirani. Maingi alisimama na gunia lake la makaa akitazama, kisha akageuza uso.

"Mama Muhonja, hiyo ni dhambi," alisema.

"Najua. Niache."

Aliona haya kuzifunga. Miaka kumi na tisa alikuwa hajampa mtu chapati ya aina hiyo, na alimwomba Sirad asiangalie ndani ya mfuko. Sirad hakuangalia.

Ijumaa Muhonja alipiga simu, sauti chini chini. "Mathe, umefanya nini?"

"Amekasirika?"

"Amelia mpaka wamemwita daktari. Anasema mwaka ule wa mwisho nyanya yake alikuwa haoni vizuri. Alikuwa anasahau chumvi, anaunguza. Familia iliula hivyo hivyo wasimuaibishe, na hawakumwambia mtu yeyote wa nje. Anasema sasa hana shaka tena. Ni mkate wenyewe." Alivuta pumzi. "Ameongeza kufuli kwenye sanduku."

Kageha alikaa kwenye benchi lake mwenyewe kama mteja. Madondo yaliungua akiwa pale pale, hatua mbili, na hakuinuka. Sirad alipokuja Jumamosi alimkuta vivyo hivyo, mikono mapajani.

"Nimemfunga mtoto wangu," Kageha alisema. "Kwa mkono huu. Ningempelekea Madam sabuni, Muhonja angekuwa hapa."

"Hukujua."

"Sirad, niambie ukweli, wewe umetembea. Mimi napika nini?"

"Chapati."

"Na kule?"

Sirad alifikiri. Alikuwa mtu wa kujibu haraka, lakini hili lilimpa taabu. "Sisi basta, zile tambi za Kitaliano, tunaila na ndizi, kila siku. Mtaliano mmoja alikuja dukani, akaona chakula changu, akaniambia hiyo si basta, hiyo ni matusi. Nikamuuliza, sasa ni nini? Akashindwa. Mimi pia nikashindwa. Nikamaliza kula."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo sijui, Mama Muhonja. Nilidhani nikianza kusema nitafika mahali."

"Mimi sina shida na ni ya nani," Kageha alisema. "Waseme ni ya nyanya yake. Waandike kwenye gazeti. Wachukue na kikaango. Mimi nataka mtoto."

Hakuacha kutuma. Maingi alimshauri aache, mteja mmoja akamshauri aongeze, na kila ushauri uliposemwa ulionekana wa maana mpaka mwingine uliposemwa. Kageha alijua jambo moja tu, kwamba kifurushi kikifika Muhonja huitwa jikoni kukifungua, na akishakifungua huruhusiwa kupiga simu kusema kimefika. Asipotuma, simu ya Ijumaa ingesubiri huruma ya Madam. Kwa hiyo alipika vizuri, chumvi yake, tabaka zake, akafunga, akatuma.

Katika simu hizo alianza kusikia mambo. Muhonja alisahau mwiko unaitwaje. Alisema "kile kijiti," kisha akataja neno la huko, akacheka. Wiki nyingine alisalimia kwa salamu ya huko na hakujisahihisha. Siku moja alisema anaota yuko kwenye harusi ya nyanya yake Madam, akiwa msichana mdogo, na watu wote wanamjua jina, jina lingine. Aliuliza kama hiyo ni mbaya. Kageha alimwambia ndoto ni ndoto, akajifunike miguu akilala.

Lakini alianza kuwaza. Chapati zikivuka huko huwa za huko, na ndani ya saa chache tu. Mtoto amekaa huko miaka miwili na miezi. Alijituliza kwamba Muhonja akikanyaga Mowlem, akishuka tu hapo steji akanusa mtaro na madondo, atarudi kuwa Muhonja. Alitaka kumuuliza mtu kama ndivyo, akakosa wa kumuuliza.

Novemba, Jumamosi, Sirad alifika na bati la buluu, la mviringo, lenye kifuniko cha kukaza. Lilikuwa limetoka kwa Madam. Juu yake palikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha barua ya Kiarabu. Sirad, aliyesoma madrasa utotoni, aliisoma polepole huku Maingi akisogea asikie.

"Kwa mama wa Muhonja. Amani. Binti yako ananiambia huko kwenu mnapika kitu kinachofanana na mkate wetu, lakini kimebadilika, kwa sababu kimekaa mbali na kwao. Sikulaumu. Mambo huharibika ugenini. Nimekutumia ule wa asili, umepikwa nyumbani kwangu, ili uonje angalau mara moja maishani ulivyo hasa."

"Ala!" Maingi alisema.

"Kuna zaidi," Sirad alisema. "Anakusalimia."

Kageha alifungua bati. Zilikuwa chapati ishirini. Zilikuwa moto bado, zimepangwa vizuri, za kahawia, tabaka zikionekana ukingoni. Kila moja ilikuwa na mchaniko mdogo upande mmoja. Muhonja hakuwahi kuwa na subira ya kutumia kijiko. Aligeuza chapati kwa kucha, na kwa kucha aliichana. Kageha alikuwa amemgombeza juu ya hilo tangu akiwa darasa la nne.

Aliwapakulia watu madondo, maana chakula kimekuja na watu wako hapo. Maingi alikula tatu, akasema mafuta yamezidi. Sirad alikula moja na nusu. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi walikula wakidhani ni za siku zote, wakataka kulipa, wakaambiwa hizi si za kuuza. Kageha alikula moja. Aliikata vipande vidogo kama anamlisha mtoto mchanga, na alichukua muda mrefu.

Kisha alizitoa zilizobaki, moja moja, akaangalia kati ya kila moja na nyingine. Alizilaza kwenye kitambaa. Alipofika chini aliinua karatasi iliyotandikwa ndani ya bati, akatazama chini yake, akapitisha kidole ukingoni pande zote. Aligeuza bati, akaligonga kwa kiganja. Ulidondoka unga kidogo. Aliirudia bahasha, akaipanua, akachungulia.

"Hakuna kingine?" aliuliza.

"Hakuna," Sirad alisema. "Niliangalia nikiwa dukani. Samahani. Niliangalia mara mbili."

Kageha alikasirika. Alikasirika mpaka shingo ikamsimama mishipa, na aliongea Kimaragoli peke yake kwa muda ambao chai ingechemka, na ingawa hakuna aliyeelewa, hakuna aliyeuliza maana. Alilitukana sanduku la chuma, na aliyelitengeneza, na ufunguo wake. Alimtaja Owen na semina yake. Nyanya yake Madam hakumtukana, kwa sababu alikuwa marehemu na hakuna alichomkosea. Alipomaliza alikuwa anahema.

"Niandike nini?" Sirad alimuuliza. "Kifurushi kinaondoka Alhamisi. Bati ni la kurudishwa, amesema."

"Rudisha hivyo hivyo," Maingi alisema. "Tupu. Usitie hata punje. Wakilifungua wakute hewa, wajue umekasirika."

Kageha alimtazama kama mtu aliyesema jambo la aibu mbele ya wageni.

"Nirudishe chombo cha watu kitupu, Baba Nthenya? Ndio waseme mtoto wangu hana kwao?"

Alipangusa macho kwa mgongo wa mkono, maana viganja vilikuwa na mafuta. Akaliosha bati, akalikausha vizuri kwa kitambaa safi, akaliweka wazi kwenye benchi lipate jua. Kisha akabandika maji yapate uvuguvugu, na akafungua unga.